Mnyororo wa Nne

Kuna mahali pa kufungia minyororo, na kila dereva wa kijiji chetu cha Ain Jurd anapajua. Ni kwenye kibanda cha Bikira Maria, pale barabara inapokuwa tambarare kwa mara ya mwisho kabla ya kuanza kuteremka. Unasimama hapo, unapiga ishara ya msalaba, unafunga minyororo, ndipo unashuka. Asubuhi hiyo Muntaha hakukiona kibanda. Theluji ilikuwa imekifunika chote mpaka juu ya paa lake dogo, na alipotambua kwamba ule uvimbe mweupe uliopita dirishani ndio wenyewe, gari lao la jipu lilikuwa limeshainamisha pua.

Alikanyaga breki. Jipu halikusimama. Liliteleza polepole, bila kelele, kama sinia kwenye meza iliyolowa, likapinda kidogo, likaegemeza taa ya kushoto kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima. Likatulia.

"Umepita kibanda," alisema mumewe.

"Nimeona."

"Umeona baada ya kupita."

"Baba Shafiki, ukitaka kuendesha, kiti hiki hapa."

 Mumewe, Tannus, hakuwa ameshika usukani tangu mavuno ya zabibu, siku alipoanguka kati ya mistari ya mizabibu na daktari akasema figo zake zote mbili zimekoma. Alikuwa amevaa viatu vya mwanawe Shafiki, aliyehamia Kanada, kwa sababu vyake havikumwingia tena, na kamba zake zilikuwa zimeachwa wazi. Mapajani alipakata gudulia la kawarma lililofungwa taulo, zawadi ya kumpelekea Sista Ilhamu, muuguzi wa mashine ya kusafisha damu katika hospitali ya mjini. Yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa kawarma. Nyama iliyokaangwa kwa chumvi na kulazwa ndani ya mafuta ya mkia wa kondoo, alisema daktari, kwake ni sawa na sumu. Alilipakata gudulia lile kama mtu anayempelekea mwenzake mtoto wake.

Muntaha alijaribu kurudi nyuma. Matairi yalizunguka palepale na kurusha theluji, na mkia wa jipu ukavutwa kuelekea kulia, upande wa bonde. Aliacha mara moja. Mbele yao barabara iliteremka mpaka kwenye kona, na baada ya kona hakukuwa na kitu, ukungu tu na vilele vya miti. Kushoto ukuta wa theluji, kulia bonde. Simu hapo haikushika kitu. Nyumba zinazobaki kijijini wakati wa baridi ni chache, wengine wote hufunga madirisha na kushukia pwani, na greda la manispaa la kusukuma theluji lilikuwa na mafuta ya kufikia Kona ya Monasteri tu, mbali kule chini.

Jumamosi walikuwa wamekosa mashine kwa sababu ya dhoruba. Tangu hapo maji yalikuwa yanapanda ndani ya mwili wa Tannus. Kwanza miguu, halafu tumbo, na usiku uliopita alikuwa amelala ameketi, kwa sababu akilala chali alihisi anazama. Kabla laini haijakatika Sista Ilhamu alimwambia Muntaha kwenye simu: usingoje Jumatano, mlete Jumanne. Leo ilikuwa Jumanne. Na mawingu mengine yalikuwa yanajipanga upande wa bahari.

"Nafunga hapahapa," alisema Muntaha.

"Kwenye mteremko?"

"Unapaona pengine?"

Alishuka. Theluji ilimfika magotini. Alitoa mawe manne kutoka nyuma ya jipu, mawe ambayo kila gari la kwetu hubeba, akayasukumiza mbele ya magurudumu. Kisha akalivuta gunia la minyororo, ambayo baridi hii ilikuwa haijatumika bado, nalo likaanguka na kelele zake.

Kuhusu minyororo hiyo ilikuwa imesemwa mengi. Wakati wa vuli Muntaha alitaka washuke wakae kwa dada yake Labiba, ambaye ana chumba cha ziada mjini, karibu na hospitali kiasi kwamba mtu angeweza kwenda kwa miguu na kurudi na mkate. Tannus alikataa. Alisema hatakufa sebuleni kwa mtu, akitazama televisheni ya shemeji. Padri alikuja kumshawishi, naye Tannus akamtolea gunia hili katikati ya sebule, mbele ya kahawa. "Tazama, Baba Padri. Minyororo minne. Mirefu kuliko inavyohitajika, kila mmoja una mkia wa pete za kubaki. Theluji itanizuia mimi?" Padri alicheka, akabariki nyumba, akaenda zake. Wakabaki.

Magurudumu ya jipu hayakulingana. Mbele kulikuwa na yale ya zamani, madogo. Nyuma kulikuwa na makubwa, ya mtumba, kwa sababu yale ya zamani ya nyuma yalipasuka na kule pwani hayakupatikana ya kipimo kile. Gari la namna hiyo ukiliingizia gia ya magurudumu yote manne kwenye lami kavu, giaboksi inalia na usukani unakaza. Kwenye theluji haidhuru, kwa kuwa theluji huteleza na kusamehe. Minyororo yote minne ilikuwa ya aina moja: unaiegemeza juu ya tairi, unaunganisha ndoano ya ndani, unasogeza gari nusu mzunguko, unaunganisha ya nje, na pete zinazobaki unazifunga kwa waya zisije zikapiga madigadi. Kwenye tairi dogo zinabaki nyingi. Kwenye kubwa hazibaki.

Alianza na mbele, kwa sababu usukani uko mbele, na mteremkoni gari lisilo na minyororo mbele huenda moja kwa moja hata ukiliomba likate kona. Alivua glavu, maana ndoano hazifungiki kwa glavu. Chuma kilikuwa na baridi ya kuuma kama jino. Kushoto kulimpa shida kwa sababu ya ukuta wa theluji, ikambidi achimbe kwa mikono. Kulia kulikwenda vizuri. Aliingia ndani, akaachia breki kidogo, jipu likasogea nusu mzunguko na mawe yakasogea nalo, akatoka tena, akafunga ndoano za nje, akakunja mikia na kuifunga kwa waya. Halafu nyuma, kushoto. Pete ya mwisho kabisa iliishika ndoano.

"Mmoja umebaki!" aliita.

"Mungu akupe nguvu," alisema Tannus kutoka ndani ya jipu, na sauti yake ilikuwa na maji.

Mnyororo wa nne, wa nyuma kulia, upande wa bonde, haukufika.

Muntaha aliuvua, akaunyoosha juu ya theluji, akautazama kama umejikunja mahali, akaurudisha. Haukufika. Kati ya ndoano na pete ya mwisho palikuwa na nafasi ya kiganja. Aliingiza kichwa chini ya madigadi kutazama upande wa ndani, kumbe ndoano ya ndani nayo ilikuwa imeshikwa kwa shida. Alivuta mpaka alihisi bega linataka kutoka. Theluji ilikuwa imemwingia shingoni.

"Nini?" aliuliza Tannus.

"Hakuna kitu."

"Mbona kimya?"

"Sasa unataka niimbe?"

Alikuwa amejifunza kuendesha akiwa na umri wa kuwa na wajukuu, wiki ileile mumewe alipoanguka, akifundishwa na mumewe huyohuyo aliyekuwa akipiga kelele kutoka kiti cha pembeni. Kwa hiyo hakufikiria kwamba mnyororo una kosa. Alifikiria kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Alijaribu kuuanzia upande mwingine. Aliugeuza ndani nje. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka vyeupe, kisha vyekundu, na sasa havikumwambia tena kama vimeshika chuma au havikushika.

Alipiga magoti. Hakupiga magoti kwa ajili ya sala, ni kwamba tairi liko chini, lakini kwa kuwa alikuwa magotini tayari alisali. Alianza Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza tena, akapotea palepale. Mwisho alisema kwa maneno yake: Bwana, sikuombi muujiza. Nakuomba vidole.

Alifungua mlango wa Tannus na kumtupia mnyororo mapajani, juu ya taulo la gudulia.

"Ndoano imeganda. Ishike kwa mikono yako, iyeyuke. Mimi mikono yangu imekwisha. Na usimwage nyama ya Ilhamu."

"Haufiki?"

"Haufiki. Yule mwizi wako wa matairi kakuuzia tairi la lori."

"Nilikwambia ni mwizi."

"Uliambia kijiji kizima ni mwizi. Haya, yeyusha."

Alirudi nyuma ya jipu, akaingiza mikono makwapani, akawa anaruka-ruka. Ndani, Tannus alishika mnyororo. Alipitisha pete moja moja kati ya vidole kutafuta ndoano, kama mtu anavyopitisha rozari, akafika mwisho wa upande mmoja. Akasimama hapo. Pete ya mwisho haikuwa ya mviringo kamili. Pembeni ilikuwa na alama bapa, iliyokwishaota kutu, ya meno ya msumeno. Akageuza upande wa pili. Vilevile.

Aliujua msumeno huo. Aliijua hata mikono iliyoushika.

Wakati wa kiangazi walikuwa na kondoo wa kunenepesha kwa ajili ya kawarma ya baridi, kama kila nyumba ya kwetu inayojali tumbo lake. Kila asubuhi Muntaha alimlisha kwa mkono majani ya mforsadi, akimfungia matonge na kumsukumia mdomoni, mpaka mnyama akawa mzito hata kusimama ikawa kazi. Lakini kabla ya kuwa mzito alikuwa mtundu. Alitafuna kamba. Alitafuna ya kwanza, ya pili, akaingia kwenye mizabibu na kula machipukizi ya mistari miwili, na Muntaha akapiga kelele siku nzima: mfunge huyu shetani kwa chuma! Tannus alishuka ghalani, akatoa mnyororo wa kwanza uliomjia mkononi kutoka guniani, na kwa msumeno akakata mikia yake ya pande zote mbili, ile ya kubaki, ambayo kwenye matairi madogo haikuwa na kazi ila kupiga madigadi. Aliunganisha vipande, akapata mnyororo mzuri wa kondoo. Wakati huo jipu lilikuwa na matairi madogo yote manne. Wakati huo alikuwa na figo.

Kisha matairi yalipasuka, yakaja makubwa. Kisha akaanguka. Na siku alipomwaga gunia mbele ya padri hakuuhesabu mkia hata mmoja.

"Imeyeyuka?" aliita Muntaha.

"Bado kidogo."

Ilikuwa imeyeyuka. Tannus alitazama kioo cha mbele, ambacho pumzi zao zilikuwa zimekiziba. Angeweza kusema tu, hamisha huu uweke mbele, ulete wa mbele nyuma. Lakini angeulizwa kwa nini. Na jibu la kwa nini lilikuwa ndilo lililowaweka hapa: mwanamke huyu, mteremko huu, badala ya chumba cha Labiba na mkate wa kununua kwa miguu. Alikuwa ameshinda ugomvi ule kwa mikia ambayo haikuwepo.

Alifungua dirisha kidogo. "Punguza upepo wa tairi," alisema. "Litalegea, mnyororo utafika."

"Nipunguze upepo?"

"Kidogo. Watu hufanya."

Muntaha alikuja akauchukua mnyororo bila kumtazama usoni, akaenda akabonyeza valvu ya tairi kwa ncha ya ufunguo. Upepo ulitoka na mluzi mrefu. Tannus aliusikia wote. Kila sekunde ya mluzi ule alijiambia, sasa nasema, na kila sekunde hakusema. Alisikia chuma kikivutwa, kikiachiwa, kikivutwa. Alisikia mkewe akiguna. Halafu hakusikia kitu.

Alisubiri.

"Mama Shafiki?"

Aligonga bati la mlango.

"Muntaha!"

Hakuwa amemwita kwa jina lake labda tangu arusi. Aligeuka kadiri tumbo lilivyomruhusu, akafuta kioo cha nyuma kwa mkono wa koti. Muntaha alikuwa ameketi kwenye theluji, mgongo kwenye tairi, mikono imelala mapajani, viganja juu, kama si vyake. Chembe za kwanza za theluji mpya zilikuwa zimeanza kumtua kwenye kitambaa cha kichwa, na hakuzipangusa.

"Vidole vitatu," alisema. "Ndoano imebakiza vidole vitatu kufika. Sijui nafanya nini vibaya, Baba Shafiki. Niambie ninachokosea. Nipigie kelele kama kawaida yako. Afadhali nipigiwe kelele."

Tannus alifungua mlango. Upepo ukaingia na theluji. Aliweka gudulia sakafuni, akashusha mguu mmoja nje, halafu wa pili, akashika mlango.

"Rudi ndani, wewe! Unataka nikuokote bondeni?"

"Hukosei kitu," alisema Tannus. "Mnyororo ni mfupi. Niliukata mimi."

Muntaha aligeuza kichwa.

"Niliukata kiangazi. Mikia yake. Nilimfungia kondoo."

 Muntaha aliutazama mnyororo uliolala kando yake, akauinua, akatafuta mwisho, akapitisha kidole gumba juu ya pete iliyokatwa. Kidole kilikuwa hakihisi, ikabidi aisogeze karibu na macho.

"Kondoo," alisema.

"Alikuwa anakula mizabibu. Ulisema nimfunge kwa chuma."

"Nilisema."

"Nilifikiri ni ya ziada tu."

"Nilikuwa nao karibu," alisema Muntaha polepole. "Kila asubuhi. Nilikuwa nakalia jiwe na kuukanyaga mnyororo huo kwa mguu ili asinikimbie, huku namlisha. Kiangazi kizima nimeukanyaga, na sikujiuliza umetoka wapi." Kisha akainua uso. "Umejua tangu lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi. "Tangu uliponitupia mapajani."

"Kabla ya upepo."

"Kabla ya upepo."

"Nimekaa hapa nikibonyeza tairi kama mwendawazimu, na wewe unajua."

"Ndiyo."

Tannus alidhani atamrushia. Mnyororo ulikuwa mkononi mwake, na kwa muda ilionekana hata yeye hajui. Badala yake Muntaha aliinuka, akishika tairi, akasogea mpaka mlangoni, akamtazama kwa karibu sana, kisha akaitazama miguu yake iliyovimba ndani ya viatu vya mtoto wao, imezama kwenye theluji.

"Minne, Baba Padri," alisema. "Mirefu kuliko inavyohitajika."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nikiwa sina vidole? Subiri vidole virudi kwanza." Lakini alikuwa ameshageuka kutazama gurudumu la mbele, na Tannus aliona anahesabu. "Mbele ni tairi dogo. Huu mfupi utatosha mbele."

"Utatosha."

"Na wa mbele una mkia mzima, utatosha nyuma."

"Utatosha."

"Basi kazi ni kuuvua ule wa mbele."

Hapo wote wawili wakaiona shida. Mnyororo wa mbele kulia ulikuwa mmoja wa mitatu iliyolishika jipu mlimani. Na hauvuliki gari likiwa limesimama; sehemu yake iko chini ya tairi. Lazima gari lisogee. Lazima mtu akae kwenye usukani alisogeze nusu mzunguko na kulizuia, wakati mwingine yuko chini na chuma. Halafu arudie tena kwa ajili ya nyuma.

"Kiti kile pale," alisema Muntaha.

"Mguu wangu hauhisi pedali."

"Vidole vyangu havihisi ndoano. Tutakuwa sawa."

Alimzungusha nyuma ya jipu, hatua kwa hatua, akimshika kiunoni, naye akipumua kama mtu anayetoka majini. Alipokaa kwenye usukani alivua kiatu cha kulia. Soksi ilikuwa imekazwa kwenye nyama mpaka imeacha mistari. Aliweka mguu huo juu ya breki, akaubonyeza, akautazama kwa macho ili ajue kama umebonyea.

"Sikiliza," alisema Muntaha. "Nikigonga bati mara moja, achia. Nikigonga mara mbili, kanyaga. Usinisubiri niite."

"Na nikishindwa kukanyaga?"

"Basi kawarma ataila mbweha."

Muntaha alirudi upande wa bonde. Alifungua ndoano za mnyororo wa mbele kulia, akautandaza, akautandaza na ule mfupi mbele ya gurudumu, ulionyooka, kama mtu anayetandika mkeka. Alisogeza jiwe. Aliweka mkono juu ya bati. Tannus aliuona mkono huo kupitia kioo cha pembeni, mwekundu, umetulia, na midomo ya mkewe ikienda. Alijua anasali nini. Naye akaanza, akamfuata palipokuwa midomo yake.

Pigo moja.

Aliachia. Jipu lilifikiri kwanza. Kisha likasogea, likapanda juu ya chuma, akasikia pete zikisagika chini, na mapigo mawili yakaja, ta-ta, naye akakanyaga. Mguu ulikuwa umekwenda pembeni. Ulikanyaga ukingo wa pedali ukateleza, na jipu likaendelea, na kona ikasogea ndani ya kioo. Alishika goti lake kwa mikono yote miwili, akalisukuma chini kama mtu anayezamisha ndoo kisimani. Jipu likasimama.

Hakusikia kitu kwa upande wa nje. Alifunga macho.

"Nusu mzunguko nimesema!" ilikuja sauti kutoka chini. "Umenipa mmoja na nusu! Unanipeleka wapi, Beiruti?"

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na hakuthubutu kuliachia goti lake.

Mnyororo mfupi ulifunga mbele kama uliozaliwa pale. Ule mrefu ulimpa taabu nyuma, lakini tairi lilikuwa limelegea, na mara ya pili Tannus hakutumia mguu peke yake. Aliweka mikono gotini tangu mwanzo. Pigo moja. Mawili. Likasimama palepale. Ndoano ya nje ilikamata pete, na Muntaha alipiga bati mara nyingi sana, bila hesabu, akasimama akiegemea jipu na uso wake ndani ya mkono wa koti. Aliporudi kwenye usukani, Tannus akiwa amerudishwa kitini kwake na gudulia lake, alikuwa amepangusa macho.

Walishuka kwa gia ya chini kabisa, minyororo ikilia, mpaka kwenye kona, na kona ikawaachia, na baada yake nyingine.  Muntaha alikuwa na hasira, na aliiacha ikae naye garini, maana mahali pa kuiweka hapakuwepo. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka kwa nguvu, na katika kioo cha nyuma barabara waliyotoka haikuonekana tena.

Kwenye Kona ya Monasteri walikuta lami nyeusi, iliyopigwa chumvi. Usukani ukaanza kukaza, giaboksi ikalia, na Muntaha akasimama kuvua minyororo. Safari hii Tannus alishuka bila kuambiwa. Hakuweza kuinama, lakini alisimama na kupokea kila mnyororo aliovua mkewe, akaukunja, akauweka guniani. Ule mfupi aliubakiza mkononi. Alitoa kitambaa chake cha pua, akakifunga kwenye pete iliyokatwa, mafundo mawili.

"Ili ujulikane," alisema.

"Ulipaswa kuufunga kiangazi."

"Ndiyo."

Tannus aliutupa guniani. "Mpigie Labiba."

Muntaha alikuwa ameinama juu ya ndoano ya mwisho. Hakuinua kichwa. "Kumwambia nini?"

"Chumba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka theluji iishe. Mpaka..." Alitafuta pumzi. "Nitatazama televisheni ya shemeji."

Muntaha aliifungua ndoano. Alikuwa ameliomba neno hilo tangu mavuno, kila usiku, kwa punje za rozari, na sasa lilipokuja alikuwa na baridi mno hata kulifurahia. Alichofikiria ni kuku. Alikuwa amewaachia mahindi ya leo tu.

Sista Ilhamu aliwapokea mlangoni mwa hospitali na kiti cha magurudumu. Alimtazama Tannus miguu, akatazama saa ya ukutani, akaanza kuvuta mikono ya koti lake mwenyewe juu. "Mngechelewa kidogo tu, Baba Shafiki, ningekuwa nawasiliana na padri, si na nyinyi. Nini kimewachelewesha?"

"Kondoo," alisema Tannus.

"Kondoo barabarani? Kwenye theluji hii?"

Tannus alimkabidhi gudulia. "Huyu hapa. Mle na afya."

Muntaha alicheka. Ilimtoka puani kwanza, halafu akashindwa, akashika ukuta, akacheka mpaka wagonjwa wa mashine nyingine wakageuza vichwa na mirija yao. Muuguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akashika mikono ya mgonjwa, akaona kutu imeingia mpaka kwenye kucha, akasema hao wote wawili waende wakanawe kabla hajagusa mtu.

Mashine ilipoanza kuzunguka, na damu ya Tannus ilipotoka na kurudi, Muntaha alikwenda kwenye dirisha la korido, ambako simu inashika. Vidole vilikuwa vinaanza kurudi, na kurudi kwake kulikuwa kuchungu kuliko kuondoka kwake. Alimpigia Labiba, maneno machache. Halafu akampigia jirani, Mama Mulhim, mmoja wa wachache waliobaki juu.

"Tumefika. Ndiyo, kawekwa mashineni, Mungu ashukuriwe. Hapana, hatupandi leo, huoni kunavyoanguka? Hatupandi kwa muda. Sikiliza, dada yangu. Ufunguo uko pale unapopajua. Wape kuku mahindi, na maji, yasiwe yameganda. Na jingine." Aliangalia nje, milima ilikuwa imefungwa yote. "Zizini, kwenye nguzo ya kondoo, kuna kipande cha mnyororo kinaning'inia. Usikitupe. Kiingize ndani ya nyumba, mahali pakavu. Tutakihitaji."